Tupeane uzoefu: dalili ndogo kwamba mtu kakulia kwenye pesa, siyo kazipata juzi

Mwanzisha mada
Wakuu, magari na saa tuviache, hivyo mtu ananunua leo mchana. Tuweke zile dalili ambazo ukipata pesa ukubwani huwezi kurudi nyuma kuzifuata. Kila mmoja amwage anachokijua kwa fani yake, na aeleze inavyotambulika, siyo kutaja tu.

Gego
Anzeni na mdomo. Weupe wa meno siyo hoja, unapatikana kwa miadi moja. Mtu akicheka hadi mdomo ukafunguka wote, chungulia nyuma ya meno ya mbele ya chini. Ukiona waya mwembamba uliosokotwa, umegandishwa kutoka chonge hadi chonge, ujue alivaa breketi, vile vyuma vya kunyoosha meno. Waya huo huachwa ili meno yasirudi yalikotoka. Breketi zenyewe hukaa kama miezi 18 hadi 24, na kila baada ya wiki kadhaa mtoto hurudishwa kukazwa. Hapo pesa peke yake haitoshi, anatakiwa na mtu mwenye nafasi ya kumpeleka.

Kingine ni uso wa jino. Enameli, yaani tabaka gumu la nje, ya meno ya mbele ya ukubwani hujengwa jino likiwa bado limefichwa kwenye taya, tangu miezi ya mwanzo ya maisha hadi kama miaka minne, mitano. Mtoto akikosa lishe au akiugua sana, ujenzi unasuasua na kunabaki mfereji unaokatisha jino kwa upana. Ulio karibu na ncha ulitokea mapema, ulio karibu na fizi ulitokea baadaye. Enameli haioti tena, kwa hiyo mfereji haufutiki wenyewe.

Daktari wa Zamu
Hapo punguza, Gego. Homa kali inaacha mfereji uleule, na surua haichagui nyumba ya kuingia.

Gego
Sawa, mmoja unaweza kuwa homa. Mitatu iliyopangana kama ngazi ni misukosuko iliyojirudia.

Daktari wa Zamu
Misukosuko, siyo umaskini. Mtoto wa tajiri mwenye maradhi ya kudumu utamsomaje?

Kipande
Sabuni. Aliyekulia kwenye shida hubandika kipande kilichobaki kwenye mche mpya. Aliyekulia kwenye pesa hajui kama vinabandikana.

Mama Wawili
Kipande umemaliza.

Sindano na Uzi
Upande wa suti, watu hutazama lebo, na lebo ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Shika koti chini kidogo ya tundu la kifungo cha chini, vidole vya mkono mmoja nje, vya mwingine ndani, kisha vuta taratibu kutenganisha. Ukihisi tabaka la tatu linaelea katikati, kifua kimeshonewa kanvasi, kitambaa cha ndani kinacholipa koti umbo. Ukihisi tabaka mbili tu, na la nje ni gumu kidogo, sehemu hiyo imebandikwa kwa gundi. Gundi ikipata joto la pasi na dawa za dobi mara nyingi inaachia, kitambaa kinafanya mapovu kifuani, na mapovu hayo hayana tiba ya kudumu.

Lakini dalili yenyewe iko mgongoni kwa ndani. Koti la fundi mzuri huachiwa kitambaa cha akiba kwenye mshono ili liweze kupanuliwa. Ukifungua bitana ukakuta mstari wa vitobo vidogo sambamba na mshono wa sasa, na kitambaa kati ya mistari hiyo miwili kina rangi iliyokoza kuliko upande wa nje, basi koti hilo limepanuliwa baada ya kuvaliwa miaka. Aliyezoea vitu vizuri tangu utotoni hatupi, anapeleka kwa fundi. Mwenye pesa mpya ananunua jingine, tena kubwa zaidi ya mwili wake.

Mbizi
Kuogelea. Aliyejifunza ukubwani anabana pumzi, anainua kichwa, miguu inazama. Aliyefundishwa mdogo anatoa pumzi yote ndani ya maji, kwa hiyo akigeuza uso ni kuvuta tu.

Mtoto wa Mvuvi
Huo uongo. Watoto wa wavuvi wanaogelea kabla ya kusoma, bila senti ya mtu.

Mbizi
Ndugu yangu, nakubali, ila angalia namna. Wa mvuvi anaogelea kichwa juu, anatazama wimbi na chombo. Wa bwawani akifika ukutani anabingirika na kujisukuma kwa miguu. Mtindo huo hauna kazi mahali pasipo na ukuta.

Mtoto wa Mvuvi
Hapo sawa.

Jicho la Tatu
Yote haya yanaigizwa. Anna Sorokin alijifanya mrithi tajiri wa Kijerumani mjini New York, kumbe mzaliwa wa Urusi, baba yake aliwahi kuendesha malori. Akaishi kwenye mahoteli, akaomba mkopo wa dola milioni 22. Mahakama ilimtia hatiani mwaka 2019, kifungo cha miaka 4 hadi 12.

Mama Wawili
Weee! Hata mabenki yalimwamini?

Jicho la Tatu
Mkopo hakuupata, ila benki moja ilimruhusu kutoa zaidi ya alichonacho. Na alikuwa akigawa bakshishi noti za dola 100.

Sindano na Uzi
Hiyo bakshishi ndiyo ingewashtua. Aliyezoea kuhudumiwa hamnunui mhudumu, anamwita kwa jina na kutoa kiasi cha kawaida.

Mwanzisha mada
Turudi kwenye mada, wakuu.

Nyuzi Nne
Fidla. Mtoto huanzia saizi ya 1/16 au 1/8, anapanda 1/4, 1/2, 3/4, ndipo 4/4, saizi kamili, kwenye miaka 11 au 12. Kila akirefuka mkono, chombo kingine. Anayeendelea kupiga mtazame chini ya taya la kushoto, ngozi ina alama iliyokoza. Kucha za kushoto fupi kabisa, ncha za vidole ngumu.

Kipande
Glasi ikivunjika ugenini, mmoja anatazama vipande, mwingine anatazama uso wa mwenye nyumba.

Mama Wawili
Huyo anayetazama uso nawajua wengi. Na anayetaka kujifunza kukaa na waliokulia kwenye pesa, ajifunze nini kwanza?

Daktari wa Zamu
Kwenda kupimwa meno kabla hayajauma. Hilo halina umri.

Sindano na Uzi
Aanze na viatu. Jozi mbili za soli ya kushonwa, avae kwa zamu, kila jozi ipumzike siku nzima jasho likauke, na kalibu ya mbao ndani.

Mtoto wa Mvuvi
Asijifunze chochote. Sabuni iendelee kubandikwa.