Kibandiko cha Shangazi

Kundi: UKOO WA CHILONGANI

Shangazi Debora, 19:02
Mbukwenyi wanangu. Leo stendi hapa Kibaigwa kuna kijana anauza vibandiko vya kisukari. Unabandika kitovuni jioni, asubuhi sukari imeshuka, sindano unaachana nazo. Boksi elfu thelathini na tano. Nimechukua moja.

Yona, 19:06
Shikamoo shangazi. Hiyo habari niliisoma! Mwaka 2020 watafiti wa UCLA kule Marekani walijaribu kibandiko cha insulini kwa nguruwe wadogo wenye kisukari. Kina ukubwa wa sarafu tu, na sukari ilitulia kama saa 20. Kumbe kimeshafika huku?

Anna, 19:09
Shikamoo shangazi. Kabla ya yote, jioni hii umechoma sindano yako ya insulini?

Shangazi Debora, 19:10
Marahaba mwanangu. Sijachoma. Nimebandika.

Anna, 19:10
Naomba upime sasa hivi utuandikie namba.

Shangazi Debora, 19:18
16.8

Anna, 19:18
Iko juu sana. Nakupigia. Baba Mdogo, kama uko nyumbani vuka uende kwa dada yako.

Baba Mdogo Elia, 19:20
Niko mlangoni kwake.

Anna, 19:47
Nimeongea na shangazi na daktari wa zamu. Amechoma kipimo alichoambiwa na daktari. Baba Mdogo, tafadhali kaa naye, apime tena saa nne. Akitapika, au akianza kupumua haraka haraka, msisubiri kuche, tafuteni gari.

Mama Neema, 19:50
Jamani, moyo umenidunda. Mungu amsimamie wifi yangu.

Yona, 19:52
Dada Anna, nisamehe. Nilidhani ni kile kile.

Anna, 19:58
Hukukosea kuhusu utafiti, Yona, ni kitu cha kweli. Timu ya Zhen Gu ilianza na panya, wakachapisha 2015, halafu ndiyo wakaja hao nguruwe. Ila kile kibandiko si plasta. Upande wa chini kina vijisindano vifupi kuliko milimita moja, vya polima inayovimba sukari ikipanda mwilini, ndipo insulini inatoka. Sukari ikishuka, insulini nayo inapungua. Mimi mwenyewe nakiombea kifike, maana nawaona watoto kliniki wanavyolia. Lakini hakijaanza kuuzwa popote.

Anna, 20:01
Cha stendi ni plasta laini. Plasta ya nikotini ya wanaoacha sigara inafanya kazi kwa sababu nikotini ni ndogo, inapenya ngozi. Insulini ni nzito kuliko nikotini zaidi ya mara 30. Haipiti kwenye ngozi isiyotobolewa, hata ukibandika mwili mzima.

Baba Mdogo Elia, 20:04
Nimelishika boksi. Limeandikwa mizizi na majani tu, insulini haimo. Namba ya usajili wa TMDA, ile mamlaka ya dawa, sioni. Kinanukia kama dawa ya kuchua.

Mama Neema, 20:07
Mbona yule mwalimu jirani yetu hapa Nkuhungu ana kidude kimeganda kwenye mkono? Alisema ni cha sukari.

Anna, 20:09
Kile ni cha kupima tu, mama. Kinamsomea sukari bila kujitoboa kidole kila mara. Insulini bado anachoma.

Shangazi Debora, 20:15
Wanangu, msinione mjinga. Miaka sita nachoma. Tumbo upande wa kushoto limeota vinundu kama mbegu za ubuyu chini ya ngozi. Nachoma hapo hapo kwa sababu pamekufa ganzi, hapaumi. Pengine nakuwa na sindano moja wiki mbili, mpaka inakwama. Yule kijana aliposema hakuna kuchoma tena, machozi yalinitoka pale pale.

Anna, 20:19
Shangazi, pole sana. Hili ulipaswa kuulizwa zamani, na mimi sikuuliza. Vinundu hivyo vinatokana na kuchoma sehemu moja. Ukichoma hapo insulini inanyonywa vibaya, leo kidogo kesho nyingi, ndiyo maana sukari yako inayumba. Paache papumzike. Hamia kulia, kisha mapajani, kila mara usogee vidole viwili kutoka ulipochoma jana. Ila usianze kesho peke yako. Ngozi isiyo na vinundu inanyonya vizuri zaidi, kipimo kile kile kinaweza kukushusha sukari sana. Daktari akuangalie kwanza.

Yona, 20:22
Sindano mpya nanunua mimi kila mwezi, shangazi. Boksi zima. Hilo msijadili.

Baba Mdogo Elia, 20:26
Na kichupa cha insulini nimekikuta juu ya kabati, bati linawaka mchana kutwa. Nimekitia kwenye chungu kidogo, nikakiweka ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga wenye maji, juu kitambaa kibichi. Mama alikuwa anaweka maziwa hivyo.

Anna, 20:28
Vizuri sana, Baba Mdogo. Kichupa kikishafunguliwa ni wiki nne tu. Andikeni tarehe juu yake.

Shangazi Debora, 22:04
11.9

Anna, 22:05
Asante Mungu. Inashuka taratibu, ndivyo tunavyotaka. Pima tena alfajiri.

Shangazi Debora, 22:09
Kibandiko nimekibandua, kimeacha wekundu kitovuni. Alhamisi nakuja Dodoma na basi la kwanza. Nije na hilo boksi?

Anna, 22:10
Njoo nalo. Na kichupa, na sindano unayotumia, vyote. Nitakupokea stendi.

Shangazi Debora, 22:12
Haya. Na karanga za Neema nitabeba.