Paka wa wiki 10: aanze lini kutoka nje?

MkaziTabata
Wakuu, habari za leo. Nina kitoto cha paka, jike, wiki 10, kachanjwa mara moja. Kutwa analia mlangoni. Ua una ukuta, ila mbwa wa jirani huingia na kunguru hawaishi. Nimwachie sasa?

TabibuMifugo
Bado, ndugu. Kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama huzuia chanjo za mwanzo zisishike sawasawa, ndiyo maana hurudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Hofu kubwa ni panleukopenia, ugonjwa wa virusi wa paka: anatapika, anaharisha, anaweza kufa ndani ya siku chache, na kirusi chake hudumu nje hata mwaka. Kichaa cha mbwa achanjwe akifika miezi 3. Baada ya dozi ya mwisho, ngoja wiki 2.

Halafu kuna mimba. Jike anaweza kuingia kwenye joto akiwa na miezi 4 tu, kwa hiyo atolewe kizazi na kidonda kipone kabla hajaachiwa huru.

BibiPaka
Wakati unasubiri, mfundishe wito. Kila ukimpa chakula, tingisha kopo lilelile. Siku ya kumtoa, mtoe asubuhi kabla hajala, maana aliyeshiba haitiki.

Usimbebe kumpeleka uani. Fungua mlango, kaa karibu, atoke kwa miguu yake huku akinusa. Harufu hiyo ndiyo itakayomrudisha. Acha mlango wazi, ili akishtuka akimbilie ndani badala ya kupanda ukuta. Dakika 10 zinatosha, kisha kopo, chakula, ndani. Ongeza kidogo kidogo, na magharibi isimkute nje.

Ukimtoa kwa kamba, ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, kamwe si shingoni. Kola iwe ya kufunguka yenyewe ikivutwa, vinginevyo ikinasa kwenye seng'enge itamnyonga.

Kunguru na mbwa? Mtoto wa umri huo hawezi kujitetea. Usimwache peke yake hata dakika moja, na ziba upenyo wa huyo mbwa kwanza.

MkaziTabata
Asanteni sana. Viroboto je? Nina dawa ya mbwa hapa.

TabibuMifugo
Usithubutu! Soma kibandiko: nyingi zina permethrin, kemikali ya kuua wadudu. Ini la paka haliwezi kuivunja. Atatetemeka, atapata degedege, na anaweza kufa. Nunua ya paka, kwa uzito wake. Na kama umetega sumu ya panya uani, iondoe yote, pamoja na mizoga: paka akila panya aliyekufa kwa sumu naye anaweza kudhurika.