Naomba ushauri: wanafunzi wangu wanamtetea mtawala wa Ferrara

Habari zenu wadau. Nafundisha fasihi ya Kiingereza, na kikundi changu cha jioni kinasoma mashairi mawili ya Robert Browning, "Porphyria's Lover" na "My Last Duchess". Kila shairi lina msemaji mmoja tu, mwanamume, na katika yote mawili mwanamke anakufa kwa sababu ya wivu.

La kwanza, la 1836, halisumbui. Msichana anaingia akitoka kwenye dhoruba, anawasha moto, anamkumbatia mpenzi wake, naye anamnyonga kwa nywele za msichana huyohuyo ili abaki wake daima. Wanasema jamaa ni kichaa, tunaendelea.

Kazi iko kwenye lile la 1842. Mtawala wa Ferrara, mji wa Italia, anamwonyesha mgeni picha ya marehemu mkewe, ambayo pazia lake hulifungua yeye peke yake. Kosa la mke? Kumtabasamia kila mtu, na kufurahia tawi la cheri sawasawa na jina la ukoo wa mumewe lenye miaka 900. Basi akatoa amri, tabasamu zote zikakoma. Lakini anaongea kiungwana mno, na nusu ya darasa wanamwonea huruma! Eti mke alikosa heshima. Hawashtuki hata kwamba mgeni yule ni mjumbe wa posa ya mke mwingine.

Sitaki kuwatafunia jibu. Nimefikiria waandike taarifa ambayo mjumbe atampelekea bwana wake. Mwenzangu anashauri wampe sauti mke, ila kwangu ukimya wake ndio shairi lenyewe. Mliowahi kulifundisha, mlianzia wapi?