Mliofika Italia mkaishia kutupia picha tu, leo nina hasira na ninyi

Wakuu, salamu baadaye.

Naandika nikiwa Florence, siku ya tano ya safari yangu ya kwanza Italia, na nimetoka kulipa faini ya euro 50 huku tiketi ninayo mkononi. Nimeinunua dirishani kwa hela yangu, ya kwenda Pisa, haikufika hata euro 10. Nimepanda treni, nimekaa zangu kistaarabu dirishani. Mkaguzi anakuja, anaigeuza tiketi huku na huku, anatikisa kichwa. Kosa langu? Sikuigonga. Kumbe pale stesheni kuna vimashine, unachomeka tiketi yako ya karatasi inagongwa tarehe na saa kabla hujapanda. Usipogonga, unahesabika hujalipa, kwa sababu ungeweza kuitumia tena kesho yake. Sawa, mantiki naiona. Ila mimi ningejuaje? Nilikotoka konda ndiye anakufuata kwenye siti. Nikajitetea kwa Kiingereza cha kuokoteza na mikono yote miwili, lakini kwa mikono Mwitalia humuwezi. Nikalipa.

Mkaguzi simlaumu, alikuwa kazini. Nawalaumu ninyi. Kila mwaka naona picha zenu mmesimama mbele ya Colosseum, mara mnauzuia mnara wa Pisa usidondoke. Nimewauliza kabla sijasafiri, jibu ni "utafurahi tu mkuu". Mambo ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, mlinielekeza vizuri, mpaka ile bima ya matibabu ya safari inayotakiwa kulipia angalau euro 30,000 ukiugua. Kugonga tiketi hakuna aliyekumbuka!

Halafu njaa. Nimeingia mjini saa tisa alasiri tumbo linanguruma, migahawa karibu yote jiko limefungwa mpaka saa moja na nusu usiku. Mmoja mlango ulikuwa wazi, nikaingia, mhudumu akanitazama kama nimegonga nyumbani kwake usiku wa manane kuomba pilau. Usiku nilipokula, bili ikaja na kitu kinaitwa coperto, euro 2.50, eti ya kukaa mezani na kuletewa mkate. Na mkate wenyewe wa Toscana, mkoa huu wa Florence, hautiwi chumvi! Kahawa nayo: nimejiketia meza ya nje pale kwenye uwanja wa mji kama mwenye mji, nikalipishwa zaidi ya mara tatu ya wenzangu waliosimama kaunta. Wenyewe wanapiga mafunda mawili hao, wameondoka.

Sokoni nikabonyeza nyanya kama niko Kariakoo. Mama muuzaji alinifokea mpaka watu wakageuka. Kumbe kwenye genge lake anachagua yeye, wewe unaonyesha tu kwa kidole. Supamaketi ndiyo unachagua mwenyewe, na huko nako kuna glovu za plastiki za kuvaa kwanza.

Kanisani tungerudishwa mlangoni, mke wangu alikuwa mabega wazi. Khanga ya kwenye begi ikatuokoa.

Kosa moja nakiri ni langu. Nilikutana na mzee kwenye ngazi za pale tulipofikia, nikamrushia "ciao" kwa furaha zangu zote. Hiyo ni "mambo" yao, wakuu. Nimemsalimia babu wa watu "mambo", mimi niliyekuzwa kwa shikamoo! Akanijibu "buongiorno", salamu yao ya heshima, taratibu, akivuta kila silabi, nikatamani ngazi zinimeze. Sasa hivi kila duka ninaloingia natanguliza buongiorno, na kweli sura zao zinabadilika.

Kesho tunaelekea Roma, siku nne. Mwenye la kusema aseme leo, na wa kuandika "ushamba" apite kimya kimya. Maana nimesoma sasa hivi kwamba tangu 2019 ukikaa kwenye zile ngazi maarufu za Piazza di Spagna, huko Roma, unaweza kupigwa faini. Ngazi! Za mtaani! Ninyi mlionipostia picha mmekaa pale, mlikaa mwaka gani?