Kubadilisha anwani za barua pepe kwenye seva: lakabu, kufowadi, au notisi ya kuhama?

Fundi wa Langoni (Lamu)
Salaam alaikum wakuu. Nyumba moja ya wageni hapa Shela imebadili jina, na mwenyewe anataka anwani zote zihamie kwenye domeini mpya. Seva ni ileile, inatumia Postfix (programu ya kupokea na kutuma barua pepe), na MX (rekodi zinazoonyesha seva ya kupokea barua) za domeini zote mbili zinaelekea kwake. Aliyekuwa akiitunza kabla yangu alishaandika anwani mpya ndani ya /etc/postfix/virtual, faili la lakabu, nimeziona, lakini barua zikija zinarudishwa kwa 550 5.1.1, mpokeaji hajulikani. Anwani ya zamani haina shida.

Pana nini hapo? Na hiyo ya zamani niifanyeje: niiache kama lakabu (anwani ya pili inayoingia kisanduku kilekile), niifowadi kwenye Gmail ya mwenyewe, au niweke notisi kuwa tumehama? Wageni wake wengi ni wa kurudi kila msimu, na anwani waliyoihifadhi ni hiyo.

Tarishi
Wa alaikum salaam. Postfix hailisomi lile faili uliloliona. Inasoma virtual.db, inayotengenezwa kutokana nalo. Piga ls -l uone tarehe zake, naamini .db imebaki nyuma. Endesha `postmap /etc/postfix/virtual`, halafu iulize: `postmap -q anwani-mpya hash:/etc/postfix/virtual`. Ikikutajia kisanduku, imekubali. Ikinyamaza, haijui kitu.

Usichanganye na /etc/aliases. Hilo lina amri yake, newaliases, na linahusu domeini zilizomo kwenye mydestination tu, yaani za seva yenyewe. Domeini moja isikae kwenye mydestination na virtual_alias_domains (orodha ya domeini za lakabu) kwa pamoja, na ukikosea hapo logi itakupigia kelele.

Lakini kabla hujagusa chochote, weka `soft_bounce = yes` kwenye main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, kisha postfix reload. Makosa ya kudumu ya 550 yatageuka ya muda, ya 450. Seva ya mgeni itaishika barua kwenye foleni na kujaribu tena, badala ya kumwambia mtu wa watu kwamba hakuna nyumba kama hiyo. Seva ya Postfix isipobadilishwa huishika barua siku 5 kabla ya kukata tamaa, kwa hiyo unayo nafasi ya kupumua.

Binti Malindi
Kwa hoteli ninazozishughulikia huku, mimi hufowadi. Mwenye hoteli yuko sokoni, yuko uwanja wa ndege anapokea wageni, kila kitu anakisoma kwenye simu. Hataki kusikia habari za seva.

Mzee Kebo
Binti yangu, wageni wako Waitaliano wakiandika, barua zinaingia kisandukuni au kwenye spamu?

Nauliza kwa sababu ukifowadi, Gmail inaona barua ya domeini ya mgeni ikiletwa na anwani ya IP ya seva yako. SPF ya mgeni, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeini yake, haikutaji wewe, kwa hiyo inafeli. Barua huokolewa na DKIM, sahihi ya kidijitali ya domeini inayotuma, nayo ni pale mgeni anapoitumia na seva yako haijagusa maandishi. Ukiongeza nembo au tangazo chini ya barua, sahihi imevunjika. Kuna SRS, inayoandika upya anwani ya bahasha (ya mtumaji, ambayo seva huikagua) ili SPF ipite, lakini hiyo ni programu nyingine ya kutunza. Tangu Februari 2024 Gmail imekaza kamba zaidi.

Binti Malindi
Nyingine zilikuwa zikiingia spamu, sikatai. Sasa mtu asiyetaka programu mpya nimfanyeje?

Mzee Kebo
Simu aliyonayo inaweza kusoma kisanduku cha seva kwa IMAP (njia ya kusoma barua zikiwa kwenye seva), bandari 993. Unamwekea mara moja tu, ukamaliza.

Ama notisi ya kuhama, Postfix inayo, inaitwa relocated_maps. Anayeandika anarudishiwa barua na maelezo kwamba mtumiaji amehamia anwani fulani. Kwa mfanyakazi aliyeacha kazi ni nzuri. Kwa anwani ya kuwekea vyumba, la. Mgeni wa Ujerumani akirudishiwa barua hasomi mstari wa nne, anatafuta nyumba nyingine. Na mitambo ya kampuni za kuuza vyumba haisomi notisi kabisa.

Fundi wa Langoni
Tarishi, ni kama ulivyosema, .db ilikuwa nzee. Sasa barua zinaingia. Basi nachukua lakabu. Lakini je, naweza kuandika mstari mmoja tu, @zamani kwenda @mpya, nisiandike kila jina? Na kuna jipya: mapokezi wanapokea, ila wakijibu kwa anwani mpya wanapata 553 5.7.1, not owned by user.

Tarishi
Mstari mmoja usiuandike. Ukifanya hivyo seva inakuwa kama inakubali kila jina kwenye domeini ya zamani, hata la uongo. Spamu itaingia yote, halafu seva yako ianze kurudisha barua kwa watu ambao hawakukuandikia. Majina ya nyumba ya wageni hayafiki hata kumi, andika moja moja.

Hiyo 553 ni smtpd_sender_login_maps, orodha ya akaunti gani inaruhusiwa kutuma kwa anwani gani. Humo akaunti ya mapokezi inamiliki anwani ya zamani peke yake. Ongeza mpya, kisha postmap kwa faili hilo pia. Halafu hakikisha domeini mpya ina SPF na DKIM zake, maana za zamani haziihusu.

Binti Malindi
Fundi, mwambie mwenyewe asiache kuilipia domeini ya zamani. Ikiachwa ikafa, yeyote anaweza kuisajili na kupokea barua za wageni wako, pamoja na viungo vya kubadilisha nywila. Na kabla hujatulia, kamwulize iTax, mfumo wa kodi wa KRA (Mamlaka ya Mapato Kenya), imesajiliwa kwa barua pepe ipi. Wengi huhamisha hoteli na kuisahau KRA.

Fundi wa Langoni
iTax ni ya zamani, kama ulivyojua. Tutaibadilisha kesho. Mapokezi wameshatuma na kupokea.

Tarishi
Basi rudisha soft_bounce iwe no na u-reload. Ukiiacha, barua za majina yasiyokuwepo zitakuwa zinagonga mlango siku nzima.