Naombeni ushauri: hoteli yetu Jinja inasemekana ina mzimu, na bosi anataka tuuuze

BintiMsoga
Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Jinja, Uganda. Nasimamia hoteli ndogo ya vyumba 11, nyumba ya ghorofa iliyojengwa na familia ya Kihindi enzi za pamba. Juu ya baraza, kwenye saruji, mwaka umechongwa: 1927. Milango ni ya mbao nzito, na vigae vyekundu vya sakafu vimelika katikati, pale watu walipopita miaka yote hiyo. Naipenda nyumba hii kuliko kazi yoyote niliyowahi kushika.

Shida ni hii. Saa nane za usiku, mara tatu au nne kwa wiki, baraza ya juu inalia: kriii... kriii... Ni kama mnyororo wa bembea, na bembea hakuna. Zimebaki kulabu mbili tu za chuma darini, nene kama kidole gumba. Wafanyakazi wanasema ni mama wa Kihindi aliyejinyonga mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi. Askari wetu wa usiku anaapa kwamba amemwona, amevaa sari nyeupe, kasimama mlangoni mwa kibanda chake. Msichana wa vyumba ameshaacha kazi. Mpishi akimaliza chakula cha jioni anaondoka mbio.

Bosi amepanga nyumba kwa familia ile ile iliyorudishiwa mali yake miaka ya tisini. Ameniambia tuuze hadithi: chumba kimoja kiitwe cha mzimu, bei iongezwe, na hao wageni wanaokuja kushuka maporomoko ya Nile kwa maboti ya mpira watakigombania. Keshokutwa anataka jibu. Moyo wangu unakataa, lakini sina hoja ya kumpa. Nisaidieni.

Ustadh_Mpumudde
Dada, isomewe nyumba Suratul Baqara, na wafanyakazi wasome Ayatul Kursiyyu kabla ya kulala. Wasio Waislamu waombe kwa dini yao. Ila mganga usimwite. Akiingia mara moja atarudi kila mwezi na kila mara atakuta jini jipya la kulipiwa. Na kumtangaza jini ili mpate wageni, hilo mimi siliungi mkono.

DerevaWaWatalii
Mimi naona tofauti kidogo na Ustadh. Nina miaka tisa nikiwazungusha wageni, na nyumba za zamani za Jinja wanazipiga picha kuliko hata chanzo cha Nile. Wanauliza nani aliishi humu, alikwenda wapi. Hadithi wanaitaka kweli. Hofu yangu ni wafanyakazi: ukiandika "chumba cha mzimu", nani atakifagia?

FundiWalukuba
Samahani dada, kabla ya mizimu nijibu mambo mawili. Tenki la maji liko wapi? Na huyo askari usiku anaota moto wa nini?

BintiMsoga
Tenki liko juu ya zege, usawa wa baraza hiyo hiyo. Askari ana sigiri ya mkaa. Msimu huu wa mvua huwa anaiingiza kibandani na kufunga mlango, baridi ya ziwani ni kali.

FundiWalukuba
Basi anza na sigiri, na uanze LEO. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anachanganyikiwa, na anaweza kuona visivyokuwepo. Akilala humo anaweza asiamke. Muulize kama siku aliyomwona huyo mama kichwa kilimuuma. Kibanda kitobolewe dirisha, yeye apewe koti zito na blanketi, sigiri ibaki nje.

Sasa sauti. Mchana mji mzima unachota, maji ya bomba yanakuja kwa unyonge. Usiku wa manane watu wamelala, presha inapanda, tenki ndipo linajaa. Boya, lile linaloelea na kufunga maji tenki likijaa, likiwa limechakaa, maji yanapojipenyeza linatetemeka na kulia kama chuma kinachosagana. Panda saa nane na tochi, linyanyue boya kwa mkono mpaka maji yakate. Sauti ikikata hapo hapo, umempata.

MzeeWaBugembe
Binti yangu, nimesoma nikashindwa kunyamaza. Nyumba yenye 1927 juu ya baraza naijua. Mwaka 1972 nilikuwa na miaka 12, nikipeleka maziwa humo kila asubuhi.

Amin alitangaza akiwa Tororo, tarehe 4 Agosti, kisha wakapewa siku 90. Mwanzoni wengi walidhani atabadili kauli. Nikipita na maziwa naona masanduku yanaongezeka sebuleni. Yule mama alikuwa akikaa kwenye bembea hiyo mnayoisema, ameweka sinia mapajani, anapembua mchele huku anajisukuma kwa kidole cha mguu. Siku ya mwisho alinilipa maziwa ya mwezi mzima, na mwezi ulikuwa haujafika nusu. Nikamwambia, mama, umezidisha. Akanifunga vidole juu ya zile pesa.

Nilisimama pale barabarani walipopanda gari kwenda Entebbe. Alipanda kwa miguu yake mwenyewe. Hakujinyonga! Na sari nyeupe kwa Wahindu ni vazi la mjane, naye mumewe alikuwa kakaa pembeni yake. Nyumba ikapewa mmoja wa wale waliogawiwa mali za Wahindi, tuliowaita mafuta mingi, na bembea ikang'olewa mwaka huo huo.

Mwambie bosi wako hivi: wenye nyumba ni wajukuu wa huyo mama. Wakisoma kwenye tangazo lenu kwamba bibi yao alijitia kitanzi, mtawaambia nini siku ya kulipa kodi?

DerevaWaWatalii
Mzee, shikamoo. Nafuta neno langu kuhusu chumba. Hii uliyosimulia ndiyo wageni wanayoniuliza kila siku, nami sikuwa na jibu.

BintiMsoga
Narudi baada ya siku tano. Mzee wangu, nililia. Nimemsomea bosi maneno yako kama yalivyo. Alikaa kimya, kisha akasema chumba cha mzimu hakuna tena. Barua kwa familia tumeituma kupitia wakili anayepokea kodi, tunaomba picha za zamani na ruhusa ya kusimulia.

Fundi, ni boya. Nililinyanyua mwenyewe saa nane na robo, mpishi akinishikia ngazi huku anasali, na kriii ikakatika. Jipya limewekwa, usiku wa tatu huu kimya. Askari amekiri kichwa kilikuwa kinamuuma kila alfajiri. Sasa ana dirisha. Bado anasema alimwona, nami sibishani naye.

Nataka kurudisha bembea pale pale. Zile kulabu zitabeba mtu?

FundiWalukuba
Usimkalishe mtu kabla sijaziona. Kutu huanzia ndani ya zege, kwa nje haionekani. Jumamosi asubuhi nakuja na ngazi yangu.

MzeeWaBugembe
Mbao iwe pana. Ilikuwa inakaliwa na watu watatu.