Nimeuziwa kioo cha kugandamizia karatasi chenye saini ya kughushi, na muuzaji anakataa kuwajibika

Ndugu wakusanyaji,

Naandika nikiwa na hasira. Nilinunua kioo cha kugandamizia karatasi kilichotangazwa kuwa kazi ya Baccarat, kiwanda cha vioo cha Ufaransa, ya miaka ya 1840, na ushahidi pekee ulikuwa jina la kiwanda lililochorwa kwenye kitako, lililoonyeshwa kwa picha moja yenye ukungu. Kilipofika nilikitazama kwa lenzi ya kukuza mara 10, nikajua nimetapeliwa.

Kitako cha kioo kilichokaa mezani miaka mingi hujaa mikwaruzo midogo ya kila upande, na saini ya zamani huwa imekatwakatwa na mikwaruzo hiyo. Hii ilipita juu ya mikwaruzo yote bila kukatizwa na hata mmoja, kingo zake zingali kali, na ndani ya herufi mlikuwa na unga mweupe wa kioo. Kwenye mapindo mistari ilirukaruka, kama inavyokuwa mashine ndogo ya kuchongea ikiteleza mkononi mwa mtu mwenye haraka.

Tena aliyechora hakujisumbua hata kuijua historia ya kiwanda alichokiibia jina. Baccarat wa enzi hiyo, pale walipotia alama, waliiweka ndani ya kioo chenyewe: herufi B na mwaka, kwa kawaida kati ya 1846 na 1849, katikati ya vipande vya vijiti vya rangi vinavyounda maua. Vioo vyao vingi havina alama yoyote, na muhuri wa asidi kwenye kitako ni jambo la karne ya 20.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kioo hiki ni kizuri. Fundi aliyekitengeneza, ambaye huenda hatutamjua kamwe, aliyapanga maua yake kwa utulivu mkubwa, na sasa kazi yake imeharibiwa, kwa sababu kuufuta uongo huo ni kukisugua kitako na kupoteza mikwaruzo ileile inayothibitisha umri wake.

Muuzaji anajibu kwamba saini aliikuta. Kama aliikuta, kwa nini aliifanya kichwa cha tangazo lake na kutotuonyesha picha ya karibu? Nadai fedha zangu zote, pamoja na gharama ya usafirishaji, na kioo hiki kisitangazwe tena kwa jina la Baccarat.